Somo na Watoto Watulivu

Ukimwambia mzazi wa Kizanzibari kwamba mtoto wake mchanga ni mtulivu, atakushukuru na kukuongezea kipande cha keki. Somo ndiye mtu pekee niliyemwona akinuna kwa sifa hiyo. Alipoingia nyumba yenye mzazi aliyejifungua pale Balsall Heath, Birmingham, hakuuliza jina la mtoto wala kafanana na nani. Alinawa mikono kwa maji ya vuguvugu, akampakata mtoto, akamvua soksi moja, akamchapa kisigino kwa ncha ya kidole. Mtoto akilia kwa hasira, Somo alisema, "Mashaallah, huyu kafika," akamrudishia soksi yake. Mtoto akikunja uso tu na kuendelea na usingizi wake, alichapwa tena, na hapo aliyeanza kununa alikuwa mama.

Watu walimsema sana. Walisema bibi huyu kazi yake kuliza watoto wa wenzake, eti haoni raha mpaka nyumba iwe na makelele. Walimsema, halafu wakipata mimba wao wenyewe walimtafuta kabla hata ya kumtafuta mkunga.

Kwetu somo ni mwanamke anayekufunda unapovunja ungo, akakufunda tena unapoolewa, na akakuuguza unapojifungua. Kwa desturi kila mmoja ana wake. Birmingham hilo haliwezekani, kwa hiyo tulikuwa na mmoja, na sote tukamwita Somo, hata wanaume, hata yule Msomali aliyekulia Mombasa mwenye duka la nyama. Sijui nani aliyemteua. Nilipofika mwaka 2000 nilimkuta tayari ana ufunguo wa nyumba za watu.

Arobaini ya uzazi aliishika kama askari. Mzazi hagusi maji baridi, hatoki nje, hapigwi na upepo. Alikunja taulo akaziba chini ya mlango, akawasha joto la nyumba mpaka madirisha yakatoka jasho, na mume wangu, Baba Nasra, akilalamikia bili aliambiwa akakae kwenye gari lake. Asubuhi alinikanda kwa maji ya moto, akanifunga tumbo kwa kanga, akanisimamia mpaka nimalize bakuli la uji wa pilipili manga. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto wa kwanza, mama yangu yuko Unguja. Nilimwogopa Somo na nilimpenda, na siku nyingine nilishindwa kujua ni lipi kati ya hayo mawili lililokuwa linaniliza.

Nasra alizaliwa mwezi wa Januari. Alikuwa mtoto mtulivu.

Nakumbuka sifa zote nilizopewa. Shangazi yake Baba Nasra, aliyekuja kutoka Leicester kunisaidia, alimwambia kila mgeni, "Huyu kamfuata babu yake kwa upole. Usiku mzima hamsikii." Kweli hatukumsikia. Ilibidi nimwamshe ili anyonye, na akinyonya alisinzia ziwa likiwa mdomoni. Macho yake yalikuwa na umanjano usiokwisha, mikono yake ya baridi hata katika joto lile la Somo. Tulikuwa na jibu la kila kitu. Umanjano wa watoto wachanga, utaondoka. Baridi ya Ulaya. Upole wa babu.

Somo alimchapa kisigino siku ya kwanza, akamchapa tena, akamsikiliza. Nasra alitoa kilio chembamba, cha chini, kama mtu anayeita kutoka chumba cha pili. Somo hakusema "huyu kafika." Alimvisha soksi taratibu sana, akaniuliza, "Mkunga anakuja lini kumtoa damu ya kisigino?"

Kila mtoto anayezaliwa nchi ile hutobolewa kisigino wiki yake ya kwanza, damu ikapelekwa kupimwa maradhi yasiyoonekana kwa macho. Wazee wengi wetu hawakuipenda habari hiyo. Somo aliipenda mno. Mkunga Mwingereza alipofika alikuta amewekewa chai ya maziwa na mahamri, na Somo mwenyewe akaushika mguu wa Nasra. "Hata hawa wanajua," aliniambia kwa furaha, "mtoto huulizwa kisigino." Tangu siku hiyo kila asubuhi salamu yake ilikuwa ile ile: "Majibu yamekuja?"

Majibu yalikuja kwa simu. Baba Nasra ndiye aliyepokea, akiwa hajavua hata viatu, ametoka kazini kwenye kiwanda cha magari kule Washwood Heath. Alirudi chumbani uso umembadilika.

"Wame-ring hospitali," alisema. "Wanataka tum-bring Nasra kesho asubuhi. Ni kitu cha tezi, shingoni. Wamesema tusichelewe."

Shangazi alishika kiuno. "Kesho? Mzazi hajamaliza hata nusu ya arobaini! Atoke kwenye theluji apigwe na upepo, afe, atuachie mtoto? Mtoto mzima huyu, anakula, analala. Arobaini ikitimu mtakwenda."

"Basi nimpeleke mwenyewe," alisema Baba Nasra.

"Na atanyonya wapi? Kwako?"

Mimi nilikuwa nimemkumbatia mwanangu, na katika nyumba ile sauti yangu haikuwa na uzito mbele ya Shangazi. Nililojua ni kwamba wakati mpiga simu anaposema msichelewe, hasemi kwa kupenda maneno.

Asubuhi Somo, aliyekwisha kupata habari, alifika na mizigo ya nguo. Shangazi alimpokea mlangoni kama anayempokea hakimu wake. "Afadhali umekuja, Bi Mkubwa. Waambie hawa kwamba mzazi hatoki."

Somo alimpita, akaja kitandani, akaanza kunivisha. Soksi mbili mbili, kanga kichwani, kanga tumboni, blanketi, koti la Baba Nasra juu ya yote. Shangazi alikuwa nyuma yake anauliza kulikoni, desturi imekwenda wapi, na ni Somo huyu huyu au mwingine.

"Arobaini mwenye kuifunga nani?" Somo aliuliza bila kugeuka.

"Wewe."

"Basi anayeifunga ndiye anayeifungua. Nipishe mlango."

Nimeishi na watu wengi wenye msimamo. Wengi wao msimamo wao ni ule walioukuta. Sijapata kumwona mtu mwingine aliyeilinda desturi kwa ukali ule kisha akaivunja kwa mkono wake mwenyewe, bila kuidharau, bila kuomba radhi, kwa sababu alijua imewekwa kwa ajili ya nini. Imewekwa mtoto na mama wapone. Alitoka mbele yetu akisoma Ayatul Kursi kwa sauti, amefungua buibui lake pande zote mbili kunikinga upepo, na jirani wa Kipakistani aliyekuwa anakwangua barafu kwenye kioo cha gari lake akasimama kutupisha.

Daktari alikuwa mwanamke, mpole wa kusema. Alieleza, Baba Nasra akatafsiri. Shingoni mwa kila mtu mna tezi ndogo inayotengeneza homoni. Homoni hiyo ndiyo inayouambia mwili upate joto na ukue, na kwa mtoto mchanga ndiyo inayojenga ubongo. Tezi ya Nasra haifanyi kazi. Akipewa homoni hiyo kwa kidonge, kila siku, kuanzia leo, atakua na kusoma kama wenzake. Akikosa, atapungukiwa na vitu ambavyo baadaye havirudi.

Niliuliza maswali kumi ya kijinga. Somo aliuliza moja. "Muulize: tumechelewa?"

Daktari alimtazama yeye, siyo Baba Nasra. "Hapana," alisema, na akatikisa kichwa ili bibi aelewe bila mkalimani. "Mmewahi."

Somo alikaa chini. Viti vilikuwapo, lakini yeye alikaa sakafuni palepale, mgongo ukutani, akajifunika uso kwa ncha ya mtandio wake na kulia. Nesi alimletea maji. Sisi tulisimama tukiona haya, hatujui la kufanya, maana huyu ndiye aliyekuwa akituambia sisi tusilie.

Kidonge chenyewe ukikiona utacheka. Kidogo, cheupe, hata ukikidondosha zuliani umekipoteza. Shangazi alikitazama akasema, "Hiki ndicho kijenge ubongo?" Nesi wa kliniki alitufundisha kukisaga baina ya vijiko viwili, kukichanganya na matone ya maziwa, na kumpa mtoto kwa kijiko. Kisitiwe ndani ya chupa nzima, maana mtoto akibakisha maziwa hujui amebakisha dawa kiasi gani. Somo aliyachukua maelekezo hayo akayafanya ibada. Vijiko viwili vilitengwa, havikuruhusiwa kukoroga chai ya mtu. Mtoto alielekezwa dirishani, bismillahi, kijiko, kisha Somo alimfungua mdomo akachungulia. Baadaye nesi alipotuambia kwamba dawa ya kuongeza damu isitolewe pamoja na kidonge, kwa kuwa madini ya chuma hukizuia kisifanye kazi, Somo aliihamisha ile chupa kutoka jikoni kabisa, akaiweka juu ya kabati la chumba cha wageni. "Wasionane," alisema.

Wala usidhani alikuwa mtu wa dawa. Yeye mwenyewe hajapata kumeza hata panadoli. Kichwa kikimuuma alijipaka mafuta ya karafuu, na jino lilipomsumbua alilitia karafuu nzima akazungumza nasi wiki ile kwa upande mmoja wa mdomo. Aliogopa jicho la watu. Alimfukizia Nasra ubani kila Alhamisi mpaka king'ora cha moshi kikalia, naye akakipiga kwa ufagio. Nilimuuliza siku moja inakuwaje anaamini ubani na kidonge kwa pamoja. Aliniambia, "Mwanangu, ubani ni wa nyumba, kidonge ni cha mtoto," akaendelea kuchambua mchele wake. Alishangaa kweli kweli kwamba nimeona tatizo.

Siku za kupimwa damu alivaa buibui lake la sikukuu. Kliniki walimpima Nasra urefu, uzito na kichwa, wakatoa damu ili wajue kiasi cha dawa kiongezwe au la, kwa kuwa mtoto anakua na dawa lazima ikue naye. Manesi wote hubembeleza, shh, shh. Somo alikuwa kinyume chao. "Lia, mama! Lia wakusikie mpaka nje!" Na Nasra, aliyekuwa sasa ana miezi kadhaa ya dawa mwilini, mashavu yamejaa na macho yamekuwa meupe, alilia mpaka watu wa foleni wakageuka. Somo aliitazama kliniki nzima kwa fahari.

Alipofika miaka miwili, Nasra alitembea, alikimbia, alitaja vitu kwa lugha mbili. Hapo ndipo Shangazi alipokuja na wazo lake. Mtoto kapona, tusome maulidi ya shukrani. Wazo zuri. Ila alikuwa na kipande cha pili: baada ya dua, kidonge kiachwe. Kumshukuru Mungu kwa kuponya na huku unaendelea kutia dawa, alisema, ni kumshukuru kwa mdomo tu. Baba Nasra alimsikiliza kwa sababu Shangazi ndiye aliyemlea. Nilipinga, nikaambiwa niwe na tawakali. Siku ya maulidi, pakiti ya vidonge ilikuwa imeshapandishwa juu ya kabati la jikoni, mahali nisipofikia bila kupanda kiti. Nilipika pilau nimelipa mgongo kabati lile.

Wanawake walijaa sebuleni, makochi yamesukumwa hadi ukumbini, marashi yananyunyizwa. Somo ndiye aliyeongoza, kama kawaida. Walipofika kwenye dua, Shangazi alisema mbele za watu, "Bi Mkubwa, mwombee mtoto wetu, leo tunashukuru amepona, na kuanzia kesho dawa basi."

Somo aliishusha mikono yake iliyokuwa tayari imeinuliwa.

"Umekula pilau?" alimuuliza Shangazi.

"Nimekula."

"Umeshiba?"

"Alhamdulillahi, nimeshiba."

"Basi umepona njaa. Kesho usile."

Wanawake walicheka. Shangazi naye alicheka, maana ilimlazimu. Somo hakucheka.

"Kidonge hiki hakitibu, kinalisha. Tezi ya huyu mtoto haimpi chakula chake, sisi tunampa kwa kijiko. Anakimbia kwa sababu ameshiba. Mnataka kumnyima kwa kuwa ameshiba?"

Kisha akasema jambo ambalo hata waliomjua tangu Zanzibar, nadhani, walikuwa hawajalisikia kinywani mwake.

"Mimi nilikuwa na mtoto mtulivu," alisema. "Wa kwanza. Halii, hasumbui, amenyamaza kama maji ya mtungini. Watu wakaja, wakanisifu, wakaniambia nimepewa zawadi. Nikafurahi. Kisigino hakuna aliyekitoboa, kidonge hakuna aliyekijua. Alifika umri wa kwenda chuoni kusoma Kurani hajui kukaa bila kuegemezwa. Kafa hajaniita mama. Na mpaka leo nakumbuka vile nilivyofurahi." Akainua mikono tena. "Haya, sasa tushukuru. Tunashukuru dawa imepatikana. Semeni amina."

Tulisema amina. Nilimtazama mwanamke huyu mfupi, mwenye vidole vinavyonuka karafuu, aliyekuwa akivua soksi za watoto wetu miaka yote ile na sisi tunamsema, na nikahisi kitu ambacho nimekihisi mara chache maishani, kama unapoingia msikiti mkubwa ukajikuta umeteremsha sauti bila kuambiwa. Nilijiuliza ni watoto wangapi aliowachapa kisigino akiwa na roho mkononi, akisubiri kilio.

Asubuhi yake, kabla sijatoka chumbani, nilisikia vijiko viwili vikigongana jikoni. Alikuwa Shangazi. Amepanda kiti, amekiteremsha kile alichokipandisha, na anasaga kwa ulimi umetoka nje kwa umakini. "Usiniangalie," aliniambia. "Lete maziwa."

Nasra alipotimiza miaka mitatu, daktari mwenyewe alitaka kuisimamisha dawa kwa muda mfupi, chini ya macho yake, apime kama tezi imeamka. Nilitegemea vita. Somo akasema sawa. "Huyo anajua anachopima. Shangazi yenu alikuwa anapima nini, pilau?" Tezi ilikuwa haijaamka. Tulirudi kwenye vijiko, na baadaye Nasra alijifunza kukimeza mwenyewe kwa maji, kabla ya chai ya asubuhi, akigombana nami kwamba ameshakimeza kumbe hajakimeza.

Lazima niseme pia jinsi alivyokuwa. Nasra alikuwa na domo. Anabisha, anauliza, nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kiingereza. Mwaka mmoja nilitoka mkutano wa wazazi shuleni nimeinamisha kichwa, nikapitia na Nasra kwa Somo kupata wa kunipa pole.

"Mwalimu kasemaje?" aliuliza.

"Kasema anazungumza mno darasani. Hawaachi wenzake wafanye kazi."

Somo aliweka kisu chini, akafuta mikono. "Rudia."

"Kasema anazungumza mno darasani, Somo."

Alifumba macho akasikiliza, kama watu wanavyosikiliza qaswida. Halafu akamkatia Nasra kipande kikubwa cha halua, mbele yangu, mimi niliyekuja kulalamika.

Mara ya mwisho nilimwona mwaka kile kiwanda cha magari kilipofungwa na Baba Nasra akawa anashinda nyumbani. Somo alikuwa amehamia kwa mpwa wake Selly Oak, nyumba iliyobanwa na nyumba za wanafunzi wa chuo kikuu. Mpwa alitupokea mlangoni na malalamiko: wanafunzi wanapiga muziki, wanapiga mayowe barabarani, ametaka kuwaripoti, bibi anakataa. "Anasema niwaache, eti ni wazima hao."

Alikuwa amelala ubavu, amekuwa mdogo kitandani. Moyo, walisema madaktari. Njiani nilikuwa nimemwonya Nasra, aliyekuwa na miaka minane: unakwenda kwa mgonjwa, utoe shikamoo, ukae, usifungue mdomo. Na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alinitii. Alitoa shikamoo kwa sauti ya chini, akapanda kitandani kando ya miguu ya Somo kwa kuwa hapakuwa na kiti kingine, akakunja mikono mapajani. Nilimtazama, nikajisikia mama hodari.

Somo aliitikia marahaba, akamtazama. Tulizungumza mimi na yeye, habari za huyu na yule, sauti yake ikikatika. Lakini macho yake yalikuwa yanarudi kwa Nasra, aliyekaa kimya, ameinamisha kichwa kwa adabu. Nikaona wasiwasi unampanda usoni.

"Mbona kanyamaza huyu?"

"Adabu tu, Somo. Nimemwambia."

"Kidonge kameza?"

"Kameza, asubuhi, mbele yangu."

Hakuniamini. Mkono wake ulitoka chini ya blanketi, ukatembea juu ya shuka polepole, umebaki mifupa na ngozi, mpaka ukaufikia mguu wa Nasra. Nasra alinitazama, hajui afanye nini. Somo aliivuta soksi kwa shida. Ilimchukua muda. Kisha akakusanya nguvu zake katika kidole kimoja, akamchapa kisigino.

"Ow! Somo! What was that for?" Nasra aliruka. "Kwani nimefanya nini? Mummy, did you see that? Sijafanya kitu! Nimekaa kimya kabisa, ask Mummy, and she just..."

Na adabu yote niliyomwagiza ikaishia hapo. Alimweleza Somo kwamba inauma, kwamba si haki, kwamba yeye si mtoto mchanga, kwamba kidonge amemeza na humeza kila siku na amechoka kuulizwa. Kutoka hapo, bila kituo, akaingia kwenye habari za shule, za rafiki yake, za paka wa mwalimu.

Somo alilaza kichwa kwenye mto. "Mashaallah," alisema. "Huyu kafika."

Alifumba macho. Nilitaka kumwambia Nasra apunguze sauti, mgonjwa anataka kulala. Nikaona mkono wa Somo bado umeushika ule mguu, nikamwacha mwanangu aendelee kusema.